Mjomba anataka kuuza injini ya boti ili nirudi uwanjani

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Malindi, na kazi yangu, kama bado naweza kuiita kazi, ni kucheza badminton. Najua wengi wa wasomaji wako hawajauona mchezo huu ila kwa watoto wanaopigapiga vinyoya uani siku ya Idi, kwa hivyo nivumilie nieleze kidogo.

Nilianza shule ya msingi, mwalimu wetu mmoja alipoleta raketi na wavu. Ukumbi hatukuwa nao. Tulicheza nje, na miezi ya kusi upepo ulikuwa ukikichukua kinyoya kabla hujakifikia. Mwalimu alikuwa akituambia tusilalamike, kwamba aliyezoea kucheza na upepo ataona raha siku akiingia ndani. Nilipopelekwa Mombasa mara ya kwanza, nikacheza kwenye ukumbi uliofungwa, niliona alikuwa anasema kweli. Kinyoya kilikwenda pale pale nilipokituma.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Nilipata nafasi ya sekondari Nairobi kwa sababu ya mchezo, klabu ikanichukua, nikaitwa timu ya taifa. Mwanzo nilicheza peke yangu, kisha kocha akaniunganisha na msichana mmoja wa Nairobi tukawa jozi. Yeye mrefu, anapiga smashi kutoka nyuma. Mimi mfupi na mwepesi, nakaa mbele kwenye wavu. Tulielewana bila kuitana. Tulishinda nyumbani, tukafika nusu fainali Kampala, tukacheza mpaka Morisi. Klabu ilinipa posho kila mwezi na mama alikuwa akipata chake humo. Hapo ndipo watu wa mtaani walipoacha kuniuliza, "Huo mchezo utakupa nini?"

Kisha likaja la goti. Tulikuwa mazoezini, nikaruka kukipiga kinyoya cha nyuma upande wa kushoto, nikatua na mguu mmoja, nikasikia mlio. Kano ya ndani ya goti ilikuwa imekatika. Pesa za upasuaji zilitoka kwa michango ya jamaa na wachezaji wenzangu, na sehemu kubwa ilikuwa ya mjomba. Klabu ilisema itanisubiri. Baada ya muda posho ikasita, halafu simu zangu zikawa hazipokelewi. Nikafungasha nikarudi Malindi.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Jina letu lilikuwa kwenye orodha ya dunia, halipo tena. Nimelitafuta mpaka nimechoka. Jozi tuliyokuwa tukiifunga bila jasho ndiyo inayovaa jezi ya taifa.

Bi Mshauri, mambo mawili yamenijia kwa pamoja na ndiyo yanayoninyima usingizi.

Shule moja ya binafsi hapa Malindi imenipa kazi ya kufundisha michezo. Jioni nilikuwa nikienda kuwafunza watoto kadhaa kwa kujitolea, wakaniona. Mshahara si mkubwa lakini ni wa kila mwezi, na wanasema wanataka badminton iwe mchezo wa shule. Wananihitaji muhula ujao ukifunguliwa.

Wiki hiyo hiyo mwenzangu akanipigia simu. Jozi aliyoiunda baada yangu imevunjika, anataka turudi pamoja. Anasema tukianza sasa tunaweza kukusanya pointi tukajaribu Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Kocha yuko tayari kutufundisha bila malipo. Lakini klabu hatuna, tiketi hatuna, na chumba cha Nairobi nitakilipia mwenyewe.

Mjomba aliposikia akasema, "Nenda. Nitauza injini." Ana boti moja na injini moja, na ndiyo inayomfikisha kwenye samaki wa maji ya nje. Anasema atarudi kwenye tanga, avue karibu, mpaka nitakaposhinda. Yeye ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki, na raketi yangu ya kwanza alininunulia yeye. Akisema neno nyumbani hakuna wa kumpinga, isipokuwa wanawe. Binamu zangu wawili wanavua naye. Yule mkubwa aliniambia mbele ya mama, "Injini ni ya nyumba, si ya raketi." Tangu siku hiyo tukisalimiana ni kwa kulazimishana.

Mama hasemi nenda, hasemi kaa. Anasema tu kwamba umri unakwenda. Kuna mtu amekuja kuniposa, mtu mzuri, ila hataki mke wa kusafiri. Tena mama tangu zamani anaogopa habari ya mavazi, ingawa mimi nacheza na hijabu na suruali ndefu na hakuna refa aliyewahi kunizuia.

Daktari alisema goti limepona. Naruka kamba, nakimbia ufuoni. Lakini kinyoya kikija nyuma upande ule ule wa kushoto, mguu unasita wenyewe. Hili sijamwambia mtu.

Namtazama Carolina Marín wa Hispania. Alikatika kano ya goti moja, kisha la pili, na akarudi. Najiambia, kama yeye aliweza, mimi nina nini cha kuogopa? Nikikubali kazi ya shule naona miaka yote ile imepotea bure, na pesa za mjomba pia. Nikienda Nairobi nikashindwa, nitakuwa nimeikatia nyumba nzima riziki. Nifanye nini?

Binti wa Shella, Malindi


MSHAURI ANAJIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma taratibu, kisha nikaenda kuuliza. Bila kutaja jina wala mtaa wako, nimezungumza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mwalimu aliyefundisha badminton miaka mingi. Nitakayoyasema kuhusu goti na pointi ni yao. Mengine ni yangu, na uyapime kama utakavyopima maneno ya mama yeyote wa hapa Malindi anayekutakia heri.

Umeniuliza swali moja, Nairobi au shule. Nikiisoma barua yako naona mengi zaidi yamefungamana humo. Kuna habari ya mwili wako, kama utakubali. Kuna habari ya nani atalipa. Na chini ya zote iko hii ya mjomba, kwamba ukiacha mchezo utakuwa umemdhulumu, na ukiendelea utakuwa umewadhulumu wanawe. Ukijaribu kuyajibu yote kwa neno moja utakesha, na naona tayari unakesha. Nakuomba tuyatenganishe.

Nianze na jina lililotoka kwenye orodha, kwa sababu nahisi limekuumiza kuliko ulivyoandika. Orodha ya dunia huhesabu matokeo ya wiki 52 zilizopita, na mwenye mashindano mengi huchukuliwa 10 aliyofanya vizuri zaidi. Kila wiki inayopita, pointi za wiki kama hiyo mwaka uliotangulia zinaondoka. Mchezaji asiyeshika raketi mwaka mzima hubaki bila kitu, hata awe bingwa wa dunia. Na katika mchezo wa wawili, pointi ni za jozi ile, hivyo mwenzako alipocheza na mtu mwingine hazikuwa zinaingia kwenye hesabu yenu. Hakuna aliyekaa akakupima akaona hufai. Mwaka umepita bila wewe kucheza, ndiyo hesabu yote. Unapojilaumu usiku, tafadhali ushahidi huu uutoe kwenye kesi.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande mgumu, nami sitakuficha. Mnaanzia sifuri. Jozi isiyo na pointi huanza na mashindano ya ngazi za chini, na wewe unayajua: unalipa tiketi, ada ya kuingia, malazi, na vinyoya vya mazoezi ambavyo tyubu moja ya 12 huisha upesi kwa wanaocheza kwa nguvu. Mshindi wa ngazi hizo mara nyingi haondoki na pesa ya kurudisha nauli yake. Olimpiki yenyewe huchukua jozi 16 tu za wanawake duniani kote. Kila bara hutengewa nafasi, na hapo ndipo tumaini la mwenzako lilipo, wala si tumaini la kijinga. Ila katika Afrika mtaikuta Misri, mtaikuta Nigeria, Morisi na Afrika Kusini, na wao hawakusimama mwaka mzima.

Nimeyasema haya kwa sababu ya neno moja la mjomba: "mpaka nitakaposhinda". Yeye ni mvuvi. Kwa mvuvi, siku ya kupata ni siku ya kulipa madeni. Je, anajua kwamba katika mchezo wako mnaweza kushinda, mkapigiwa makofi, mkapanda jukwaani, na injini isirudi? Huenda anajua. Huenda ameshapiga hesabu na kuona kwamba kukuona ukicheza tena kunamtosha, na huo utakuwa ukarimu wa mtu mzima mwenye akili zake. Lakini kama anadhani anakukopesha kitu ambacho ushindi utakilipa, basi anauza injini kwa bei asiyoijua. Kabla hujaukubali au kuukataa msaada wake, ningependa umweleze mashindano ya ngazi yenu yanalipa nini, kwa shilingi, si kwa matumaini.

Zungumza naye peke yake kwanza, mbali na wanawe. Mzee akiulizwa habari ya mali yake mbele ya vijana anaweza kushikilia neno alilolisema hata kama moyo wake umeshabadilika, kwa sababu tu limeshatoka. Baadaye ndiyo mkae na binamu zako. Na kuhusu huyo mkubwa, najua maneno yake yalikuwa makali na mahali alipoyasemea palikuwa pabaya. Jaribu hata hivyo kusimama upande wake kidogo. Boti ya tanga haifiki kila mahali inapofika ya injini, na miezi ya kusi bahari ikichafuka siku za kukaa pwani bila kitu zitakuwa nyingi zaidi. Hiyo ni riziki yake yeye pia, na ya watoto wake kama anao, na katika maelezo yako sioni mahali alipoulizwa. Pengine hasira yake haiko juu yako wala juu ya raketi. Pengine ni mtu aliyesikia kazi yake inauzwa naye amesimama pale pale.

Kuna jambo jingine kuhusu mjomba. Wewe unaziita pesa alizotoa zamani kama deni. Yeye amewahi kuziita hivyo? Sijui, na sitaki kujifanya najua. Ila alikununulia raketi ulipokuwa mtoto asiye na kitu cha kulipa, na hiyo si tabia ya mtu anayekopesha. Ikiwa umekuwa ukicheza ili ulipe, na sasa unaogopa kuacha kwa sababu hujamaliza kulipa, basi hilo linastahili kusemwa kwake kwa sauti, hata kama litakutoa machozi.

Sasa goti, na hapa ndipo nilipokaa sana.

Umeandika kwamba mguu unasita wenyewe na hujamwambia mtu. Nashukuru umeniambia mimi. Mtaalamu niliyemuuliza hakushangaa hata kidogo. Alisema kushika kwa kano mpya ni jambo moja, na mwili kuiamini ni jambo jingine, nalo huchelewa. Kwa upasuaji wa namna hii wachezaji hushauriwa wasirudi mashindanoni kabla ya miezi tisa, na hilo wewe umeshalipita. Lakini muda peke yake hautoshi. Hupimwa nguvu za paja la mguu ulioumia zikilinganishwa na mguu mzima, na wengi hutaka zifike angalau asilimia 90. Hupimwa kuruka kwa mguu mmoja na namna goti linavyokaa unapotua. Na mchezaji huulizwa maswali kuhusu hofu yake, kwa uzito ule ule wa vipimo vingine. Kukimbia ufuoni na kuruka kamba ni vizuri, alisema, ila hakuna kati ya hivyo kinachogeuza goti. Badminton inaligeuza kila dakika. Tena kuruka nyuma upande ule na kutua na mguu mmoja ndiyo njia inayojulikana sana ya kukatika kano hii kwa wachezaji wa mchezo wenu. Mguu wako unasita mahali ambapo una sababu ya kusita.

Kwa hivyo usiuite woga kwa haraka. Unaweza kuwa hofu tu, na hofu ina mazoezi yake. Unaweza pia kuwa misuli haijajaa na mwili unakuonya. Hayo mawili hayana dawa moja, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Vipimo vyenyewe havihitaji mashine za ajabu. Mtaalamu wa Malindi au wa Mombasa mwenye uzoefu na wanamichezo anaweza kuvifanya. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na injini, au na kodi ya chumba Nairobi. Nasikitika tu kwamba mchezaji aliyevaa jezi ya taifa inabidi ajitafutie hili mwenyewe.

Na mwenzako anahitaji kujua. Nililijua hili kwa kumuuliza yule mwalimu, sikuwa nimelifikiria. Mkiwa uwanjani wawili na wewe ukawa unakwepa ile kona ya nyuma kushoto, yeye ndiye atakayeikimbilia, juu ya kona zake mwenyewe, na wapinzani wataigundua ndani ya seti ya kwanza. Ameacha mipango mingine akusubiri wewe. Ukimwambia, inawezekana akasita, na hiyo ni hatari ya kweli. Inawezekana pia akasema mbadilishe namna mnavyozunguka uwanjani mpaka mguu upate imani. Mlielewana bila kuitana, umesema mwenyewe. Hili halitaeleweka bila kusemwa.

Nije kwa Carolina Marín. Ni kweli yote uliyoyasema. Dhahabu ya Rio mwaka 2016. Goti la kulia Januari 2019, akiwa kwenye fainali Indonesia. Goti la kushoto mwaka 2021, wiki chache kabla ya Tokyo alikokuwa aende kutetea dhahabu yake. Akarudi tena mpaka nusu fainali ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Alikuwa ameshinda seti ya kwanza, anaongoza ya pili, goti la kulia likamwangusha tena. He Bingjiao wa China, aliyepita kwenda fainali kwa sababu hiyo, alipanda jukwaani siku ya medali ameshika beji ndogo ya Hispania mkononi. Nilipoiona picha ile nililia.

Wewe unaisoma hadithi hii kama hadithi ya ujasiri, na ni hivyo. Mimi naona ndani yake pia watu waliomzunguka: kocha wa miaka mingi, madaktari, wataalamu wa viungo, shirikisho lenye pesa, wote wakisubiri akianguka wamwinue. Wewe ulipoanguka ulipata michango na mjomba. Ukijilinganisha naye kwa moyo tu, utajiona mdogo bila haki. Kento Momota wa Japani naye, baada ya ile ajali ya gari Malaysia Januari 2020 iliyomuua dereva wao, alirudi, hata akashinda mashindano Bali mwaka 2021, lakini jicho na mwili havikuwa vile tena. Mwaka 2024 alitangaza kuacha mechi za kimataifa akiwa na miaka 29. Alikuwa bingwa wa dunia mara mbili. Sidhani kuna anayeweza kumwambia kwamba alikosa moyo.

Ukitaka mtu wa karibu na hali yako zaidi, mtazame Hadia Hosny wa Misri. Alicheza Olimpiki ya Beijing 2008 na London 2012, hakuwepo Rio, kisha akaonekana tena Tokyo katika mchezo wa wawili, wakati huo akiwa mhadhiri wa chuo kikuu na mbunge. Hawakushinda mechi yoyote kule. Simleti kwako kama jibu. Misri si Malindi, na kazi aliyokuwa nayo inatoa ruhusa ambazo mwalimu wa shule ya binafsi huenda asizipate. Namleta kwa sababu katika barua yako kufundisha na kucheza ni milango miwili, ukifungua mmoja mwingine unafungwa. Sina hakika kwamba mwalimu mkuu ameambiwa hivyo, au wewe umemuuliza.

Muulize. Je, unaweza kuanza muhula ujao ukiwa na ruhusa ya mashindano, hasa yakiangukia likizo? Je, wanaweza kukusubiri muhula mmoja? Na hilo la kuifanya badminton mchezo wa shule, wana maana gani? Wavu na raketi ngapi, uwanja wapi, vinyoya vya nani? Naomba uyapate kwa maandishi, maana ahadi ya "tutakusubiri" umeshaijua ladha yake. Shirikisho la dunia lina mpango wa kufundishia badminton shuleni tangu 2012, na mwaka 2019 lilizindua aina ya mchezo wa nje, wenye kinyoya kilichotengenezwa kustahimili upepo, unaochezeka hata kwenye mchanga. Ukiwatajia hayo, utajua kwa macho yao kama wanautaka mchezo au wanataka picha za tangazo la shule.

Wala usidhani shule haina hatari zake. Siku nzima juani na watoto, jioni unataka ufanye mazoezi yako. Ukumbi hakuna, wa kucheza naye wa kiwango chako hakuna, na kiwango kinashuka pole pole bila wewe kukiona. Kuna wachezaji waliosema watafundisha huku wakijitengeneza, na raketi ikabaki kwenye mfuko. Na siku utakayomwona mwenzako anacheza na mtu mwingine, utahitaji kuwa umeichagua shule, isiwe ni mahali ulipojificha goti.

Nairobi nayo yaweza kujaribiwa kwa kipande. Mashindano ya nyumbani na ya Kampala yanafikika kwa basi. Jozi inaweza kujiwekea kipindi, ikacheza ya karibu tu, ikaona mguu unasemaje na nani anajitokeza kuwasaidia, kabla ya kufikiria ndege. Hasara yake ni kwamba pointi za ndani ya Afrika Mashariki hazitoshi kufika mbali, na mwenzako anaitazama 2028, anaweza kuona unamchelewesha. Mwambieni kocha awapigie hesabu ya mwaka mzima, mashindano kwa mashindano, pamoja na gharama. Mkiiona karatasi hiyo, ndoto itakuwa imepata ukubwa wake halisi, uwe mdogo au mkubwa.

Umesema ukienda shule miaka yako itakuwa imepotea. Lee Chong Wei wa Malaysia alicheza fainali tatu za Olimpiki mfululizo, 2008, 2012 na 2016, akapata medali ya fedha zote tatu. Ubingwa wa dunia hakuupata kabisa. Nenda Malaysia useme alipoteza muda wake, uone watakavyokuangalia. Wale watoto wa jioni uliowaandikia mstari mmoja tu, wanafundishwa na mtu aliyecheza nusu fainali Kampala. Mimi sikuwahi kuwa na mwalimu wa namna hiyo. Ila sitaki ulichukue hili kama kusukumwa kuelekea shuleni. Lingebaki kweli hata ukipanda basi kesho.

Kuhusu mama na mavazi, hili unaweza kumtuliza leo. Mwaka 2011 shirikisho la dunia lilitaka wanawake wa ngazi za juu wavae sketi au gauni uwanjani. Likapingwa sana, wachezaji wa Kiislamu wakiwa miongoni mwa waliosemewa, na mwaka 2012 likaachana na mpango huo. Mweleze. Na anaposema umri unakwenda, muulize anaogopa nini hasa. Huenda si harusi peke yake, huenda ni kuogopa kukupokea tena siku moja ukiwa na magongo.

Aliyekuposa umemwandikia maneno machache, na mengi ya hayo ni sharti lake. Sina la kusema juu yake kwa sababu hukuniambia kama unampenda. Naomba tu posa isiingizwe kwenye hesabu ya goti na injini. Ina haki ya kujibiwa kwa sababu zake yenyewe, na yeye ana haki ya kutokungoja kwenye foleni ya mambo mengine.

Muhula haujafunguliwa na injini bado iko kwenye boti. Nakuomba uanze na vipimo, kisha mjomba, kisha mwenzako; mwalimu mkuu unaweza kumuona wakati wowote katikati. Binamu yako usimwache mwisho sana. Ukishapata majibu yao niandikie tena, hata kama utakuwa umeamua jambo ambalo mimi hapa sikulifikiria. Nitataka kujua mguu umesemaje.